Siku ya kuhama mjini Stockholm: funguo, kunguni na daftari la mtaa

Saa sita kamili za mchana, siku ya kwanza ya kazi baada ya mkataba kumalizika. Hiyo ndiyo saa ambayo mpangaji anayehama mjini Stockholm anatakiwa awe ameondoa kitu chake cha mwisho, amepiga deki sakafu, amefuta mafuta nyuma ya jiko na kukabidhi funguo zote, hata zile alizochongesha kwa fedha zake mwenyewe. Stoo ya darini iwe tupu, na ya chini ya ardhi vile vile. Mwenye nyumba, au mtu aliyetumwa naye, hupita chumba kwa chumba na karatasi mkononi, akiandika mkwaruzo huu na tundu lile la msumari.

Msikilizaji aliyewahi kupanga Kariakoo au Eastleigh huenda akauona utaratibu huo kuwa wa kawaida, ila tu umezidishiwa karatasi. Lakini kila mstari wa karatasi ile una historia yake. Nyuma yake kuna karne moja na nusu ya ugomvi kati ya wenye nyumba na wapangaji, vita viwili vya dunia ambavyo Sweden haikupigana, wadudu wasiohesabika, na sheria ambazo zilikusudiwa kudumu miaka michache zikadumu kizazi kizima. Makala haya yanafuata safari hiyo.

Tarehe mosi Oktoba

Katika Sweden ya zamani mtu hakuhama siku aliyotaka. Kulikuwa na siku maalumu ya kuhama, iliyoitwa fardag. Mashambani siku hiyo ilifuata kalenda ya kilimo, na watumishi wa nyumbani na wa shamba nao walikuwa na majira yao ya kubadili bwana, mwishoni mwa Oktoba, mavuno yakishaingia ghalani. Mijini, kwa nyumba za kupanga, siku zilizozoeleka zilikuwa mbili: tarehe 1 Aprili na tarehe 1 Oktoba. Mjini Stockholm ile ya Oktoba ndiyo iliyokuwa kubwa.

Hebu fikiria jiji lote likihama kwa wakati mmoja. Mwaka 1850 Stockholm ilikuwa na wakazi wapatao 93,000. Ilipofika mwaka 1900 walikuwa wamefika 300,000 hivi, wengi wao watu wa mashambani waliofuata kazi za viwanda, bandari na ujenzi. Mikataba ilimalizika siku moja, kwa hiyo kila chumba kilichoachwa kilikuwa na watu wengine waliosubiri mlangoni na magodoro yao. Matajiri walikodi magari ya farasi na wachukuzi. Maskini walisukuma mikokoteni, mama akitangulia na sufuria, watoto wakifuata na viti. Na Oktoba katika nchi za kaskazini si mwezi wa huruma: mvua ni ya baridi, na jua huzama mapema.

Kwa nini watu walihama mara nyingi hivyo? Sababu kubwa ilikuwa kodi. Mwenye nyumba alikuwa huru kuipandisha kila mkataba ulipokwisha, na mpangaji asiyeweza kulipa hakuwa na hoja ya kujitetea. Aliambiwa tu kwamba mkataba wake hautaendelezwa. Hakuhitaji kuwa na kosa. Kwa familia ya kibarua, mwezi wa Septemba ulikuwa mwezi wa kuulizana: Je, tutabaki? Mwandishi mashuhuri August Strindberg, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1849, alihamahama karibu maisha yake yote, na nyumba yake ya mwisho, ghorofa ya kupanga katika barabara ya Drottninggatan alikoishi kuanzia mwaka 1908 hadi kifo chake mwaka 1912, leo ni makumbusho. Yeye angalau alikuwa na jina. Wengine walihama bila mtu kuwakumbuka, isipokuwa karani mmoja.

Karani wa mtaa

Huyo karani aliitwa roteman. Kuanzia mwaka 1878 hadi mwaka 1926 jiji la Stockholm liligawanywa katika mitaa ya usajili, na kila mtaa ulikuwa na afisa wake aliyeandika katika daftari kubwa ni nani anaishi katika nyumba ipi, amezaliwa lini, anafanya kazi gani, ametoka wapi na anakwenda wapi. Hapo ndipo tunapoikuta mojawapo ya hatua za kwanza kabisa ambazo mwenye nyumba wa Stockholm alilazimika kuzichukua mpangaji alipoondoka: kutoa taarifa. Mtu akihama, mwenye nyumba au msimamizi wake alipaswa kumjulisha roteman, na mwenye nyumba wa pili alipaswa kufanya hivyo hivyo mtu yule alipoingia.

Lengo halikuwa wema. Jiji lilitaka kodi ya serikali, lilitaka kujua ni vijana gani wamefikia umri wa jeshi, na lilitaka kujua ni parokia ipi itakayombeba mtu akifilisika. Lakini madaftari yale, ambayo leo yanatunzwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Jiji la Stockholm, yamekuwa hazina kwa wanahistoria. Mtu anaweza kumfuata mshonaji mmoja wa nguo, mjane mwenye watoto watatu, kutoka uani mwa nyumba moja ya Södermalm hadi uani mwa nyumba nyingine, Oktoba hadi Oktoba, na mara nyingine akaona safari ile ikiishia katika nyumba ya maskini. Mwenye nyumba aliyekuwa akitimiza wajibu wa kuandikisha tu hakujua kwamba alikuwa akiandika wasifu wa mtu.

Taarifa kwa roteman haikuwa silaha pekee ya mwenye nyumba. Sheria za zamani zilimpa pia haki ya kutangulizwa mbele ya wadai wengine katika vyombo vya mpangaji vilivyomo ndani ya nyumba. Kwa lugha nyepesi: kodi ikidaiwa, kabati na cherehani vilikuwa rehani kimya kimya. Ndiyo maana mlinzi wa lango, ambaye kwa kawaida aliishi ghorofa ya chini karibu na mlango mkuu na alitegemea nyumba hiyo hiyo kwa makazi yake, alikuwa na kazi ya kuangalia ni nani anatoka na nini, hasa usiku. Mji wowote wenye wapangaji unaijua hadithi ya kuhama usiku, na Stockholm haikuwa tofauti.

Nyumba mbichi na kukausha kuta

Kuna aina moja ya upangaji wa wakati ule ambayo msikilizaji wa leo anaweza asiiamini. Katika miaka ya 1880 Stockholm ilijengwa kwa kasi isiyokuwa na mfano. Majumba ya ghorofa tano yaliota katika Vasastan, Östermalm na Södermalm, na plasta ya kuta zake ilihitaji miezi mingi kukauka. Nyumba yenye kuta mbichi haikuweza kupangishwa kwa mtu mwenye pesa zake. Basi wenye nyumba waliingiza kwanza familia maskini kwa kodi ndogo. Familia ile ilipika, ikawasha majiko ya vigae, ikapumua, na joto la maisha yao likakausha kuta. Wasweden walikuwa na neno lake maalumu, torrbo, yaani kuishi kwa ajili ya kukausha.

Kuta zilipokauka, familia ile iliondoka na mpangaji wa kweli akaingia. Kikohozi walichokiondoka nacho kilikuwa chao. Katika mikataba hiyo mwenye nyumba hakuwa na haja ya kukagua nyumba akitafuta uharibifu uliofanywa na mpangaji, kwa kuwa mpangaji mwenyewe ndiye alikuwa kifaa cha matengenezo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mkataba wa kupanga unavyoweza kuwa halali kabisa na bado ukamwacha mtu mmoja akiwa amemtumia mwenzake.

Vita vya jirani

Mwaka 1914 vita vikuu vilianza barani Ulaya. Sweden haikuingia, lakini saruji, makaa ya mawe na mikopo vilipungua, na ujenzi ukakaribia kusimama. Watu waliendelea kumiminika mjini. Hesabu ikawa rahisi kwa mwenye nyumba na ngumu kwa mpangaji: vyumba vichache, wahitaji wengi, kodi juu. Siku ya kuhama, ambayo tangu zamani ilikuwa ya taabu, sasa ikawa ya hofu, kwa sababu wapo waliotoka katika chumba kimoja bila kuwa na kingine cha kuingia. Jiji lililazimika kujenga makazi ya dharura ya mbao kwa ajili ya familia hizo.

Mwaka 1917 bunge lilipitisha sheria ya muda ya kuzuia upandishaji wa kodi usio wa haki. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1923. Mwaka huo huo wapangaji wa Sweden waliunda shirikisho lao la taifa, na mjini Stockholm kikaanzishwa chama cha ushirika cha HSB, kilichokusanya akiba za wapangaji ili wajijengee nyumba, kikiwa na msanifu majengo Sven Wallander kama mmoja wa viongozi wake. Hiyo si sadfa. Kinga ya sheria ilipoondolewa, watu walitafuta kinga ya umoja.

Katika miaka iliyofuata chama cha wapangaji kiligundua kwamba siku ya kuhama, iliyokuwa nguvu ya mwenye nyumba, ingeweza kugeuzwa kuwa udhaifu wake. Wapangaji wa nyumba moja walitoa notisi wote kwa pamoja, na chama kikatangaza nyumba ile kuwa imesusiwa: mtu yeyote asihamie humo. Vyumba vitupu havilipi kodi, na benki haingojei. Mgomo uliovuma zaidi ulikuwa wa mtaa wa Olskroken, mjini Gothenburg, mwaka 1936 na 1937. Kwa watu wa mwambao wetu mbinu hiyo si ngeni: mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, Zanzibar, waligoma kuwalipa wenye viwanja kodi ya ardhi, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati. Mabara mawili, lugha mbili, hoja ile ile.

Kunguni na serikali

Mpangaji wa miaka ya 1930 alipohama, hakuhama peke yake. Kunguni walihama naye, ndani ya magodoro, nyuma ya fremu za picha, katika mikunjo ya makochi. Nyumba za kale za wafanyakazi zilikuwa zimejaa wadudu hao, na mwenye nyumba mpya aliogopa fanicha ya mpangaji kuliko mkoba wake mtupu. Gesi ya sianidi, sumu kali inayoua mtu kwa dakika chache, ilitumika kusafisha majumba na vyombo. Mwaka 1934 ilianzishwa nchini Sweden kampuni ya Anticimex, ambayo jina lake lina maana ya adui wa kunguni, kwa kuwa cimex ni jina la Kilatini la mdudu huyo. Wenye nyumba walilipa ada, na kampuni ikawahakikishia kwamba kunguni wakitokea, gharama ni zake. Kampuni hiyo bado ipo.

Kunguni walikuwa pia hoja ya kisiasa. Mwaka 1933 serikali ya Wasoshalisti wa Kidemokrasia iliunda tume ya kuchunguza hali ya makazi, na mwaka 1938 mwandishi Ludvig Nordström alisafiri kote nchini akitengeneza mfululizo wa vipindi vya redio kuhusu uchafu wa nyumba za mashambani, vipindi vilivyowaaibisha wasikilizaji wengi waliokuwa wakiiona nchi yao kuwa safi. Redio ilifanya kazi yake. Mjini Stockholm zilianza kujengwa nyumba maalumu za familia zenye watoto wengi, na jiji likapata makampuni yake ya nyumba: Familjebostäder mwaka 1936 na Stockholmshem mwaka 1937. Svenska Bostäder, iliyoanzishwa mwaka 1944, nayo ilikuja kuwa mali ya jiji. Kwa mara ya kwanza, kwa maelfu ya familia, mwenye nyumba hakuwa bwana fulani wa ghorofa ya kwanza. Alikuwa halmashauri.

Sheria ya muda iliyokataa kuondoka

Vita vya pili vya dunia vilirudisha picha ile ile ya mwaka 1917, lakini safari hii jibu lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1942 sheria ya kudhibiti kodi ilianza kutumika. Kodi zilifungwa katika kiwango cha tarehe 1 Januari mwaka huo, na mwenye nyumba akazuiwa kumfukuza mpangaji bila sababu inayokubalika. Mabaraza ya kodi yaliundwa ili kuamua migogoro. Sheria hiyo ilikuwa ya muda wa vita tu. Vita vilikwisha mwaka 1945, na sheria ikabaki.

Hapa ndipo historia ya siku ya kuhama ilipopinduka. Kama kodi haiwezi kupanda na mpangaji hawezi kuondolewa ovyo, basi mpangaji mwenye akili hahami. Aliyepata ghorofa nzuri katikati ya jiji aliing'ang'ania kama mali ya urithi. Nyumba iliyoachwa wazi ikawa kitu adimu, na kitu adimu hupata bei hata pale sheria inaposema hakina bei. Kilemba, malipo ya chini ya meza ya kupewa mkataba, kikaota mizizi. Mwaka 1947 jiji lilianzisha ofisi ya kugawa nyumba kwa foleni, na foleni hiyo haijawahi kwisha hadi leo.

Jibu la wanasiasa lilikuwa kujenga, na walijenga kwelikweli. Bunge liliazimia kujenga nyumba milioni moja katika miaka kumi, kuanzia mwaka 1965 hadi mwaka 1974, katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni nane au milioni nane na ushei. Katika uwanda wa Järva, kaskazini-magharibi mwa Stockholm, ziliinuka Tensta, Rinkeby, Husby na Akalla. Familia zilizotoka katika vyumba vya uani visivyo na bafu zilipewa jiko la umeme, maji ya moto na chumba cha pamoja cha kufulia chenye ratiba ukutani. Katika baadhi ya vitongoji nyumba zilizidi hata wapangaji kwa muda. Baadaye walikuja wageni kutoka Uturuki, Ugiriki na Chile, kisha kutoka Eritrea, Somalia na nchi nyingine za pembe yetu ya Afrika, na leo mtu akipita sokoni Rinkeby atasikia Kisomali kabla ya kusikia Kiswidi.

Wakati huo huo katikati ya jiji watu walihamishwa kwa sababu nyingine. Mtaa wa kale wa Klara ulibomolewa kuanzia miaka ya 1950 kupisha maduka, ofisi na barabara. Kwa mwenye nyumba aliyekusudia kubomoa, mpangaji aliyeondoka hakufuatwa na mwingine: madirisha yalizibwa kwa mbao, na jumba likasubiri. Tabia hiyo ndiyo iliyochochea tukio ambalo watu wa Södermalm wa umri fulani hawajalisahau. Oktoba mwaka 1977 vijana waliingia katika majumba matupu ya eneo la Mullvaden, katika barabara ya Krukmakargatan, wakaishi humo, wakafungua mkahawa na kuwaalika majirani. Polisi waliwatoa Septemba mwaka 1978, na majumba yakabomolewa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: nyumba iliyohamwa bado ni nyumba.

Mkataba usio na mwisho

Sheria mpya ya upangaji ya mwaka 1968 iliondoa hatua kwa hatua udhibiti wa wakati wa vita na kuweka utaratibu mwingine. Kodi sasa ilipaswa kulingana na manufaa ya nyumba ikilinganishwa na nyumba nyingine za aina yake, na kwa kawaida ilitokana na majadiliano kati ya chama cha wapangaji na wenye nyumba. Na mpangaji alipewa haki ya kubaki. Mkataba wa kawaida wa nyumba ya kuishi mjini Stockholm hauna tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba anayetaka uishe ni lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria, kama vile kutolipwa kodi, fujo dhidi ya majirani, au mpango wa kubomoa au kukarabati jengo, na katika hali kama hiyo ya mwisho mara nyingi hutakiwa amtafutie mpangaji nyumba nyingine. Akibadilisha kitasa kwa mkono wake mwenyewe, anakuwa yeye mkosaji. Kumtoa mtu nyumbani ni kazi ya mamlaka ya serikali ya utekelezaji wa madeni.

Kwa hiyo leo ni mpangaji, mara nyingi kuliko mwenye nyumba, anayeumaliza mkataba. Hutoa notisi ya maandishi, na mkataba hukoma mwisho wa mwezi unaofika baada ya miezi mitatu kupita. Aliyeandika barua tarehe 10 Januari atakuwa huru tarehe 30 Aprili. Mpangaji akifariki dunia, warithi wakitoa notisi ndani ya mwezi mmoja tangu kifo, muda huo hupunguzwa kuwa mwezi mmoja, kifungu kidogo ambacho kimeziokoa familia nyingi na gharama wakati wa msiba.

Baada ya notisi ndipo hatua za mwenye nyumba zinapoanza. Ana haki ya kuwaonyesha nyumba wapangaji watarajiwa kwa saa zinazofaa. Hufanya ukaguzi, na ukaguzi huo si upekuzi, kwani mstari mkuu katika sheria ni tofauti kati ya uharibifu na kuchakaa kwa kawaida. Sakafu iliyofifia kwa miaka kumi ya nyayo haimdai mtu kitu. Mlango uliopigwa teke una deni. Mpangaji anaruhusiwa kupaka rangi na kubandika karatasi za ukutani kwa gharama zake, lakini aliyepaka sebule nyeusi tii asishangae akipelekewa hesabu ya kuirudisha, kwa kuwa kazi iliyoipunguzia nyumba thamani ya matumizi hulipiwa. Na jukumu la kuthibitisha uharibifu ni la mwenye nyumba. Ndiyo sababu karatasi ile ya ukaguzi ina umuhimu mkubwa: asiyekagua siku ya makabidhiano hupata taabu kudai mwezi unaofuata, wakati mpangaji mpya ameshaingiza makochi.

Vitu vilivyoachwa navyo vina kanuni zake. Mwenye nyumba hawezi kuvitupa jalalani siku ile ile. Humtaka mpangaji wa zamani aje kuvichukua, na miezi mitatu ikipita tangu kumwita bila yeye kuja, vinakuwa vya mwenye nyumba bila malipo. Kama hakupatikana kuitwa, muda ni miezi sita tangu alipohama. Hata wadudu hawajasahauliwa: sheria bado inamwajibisha mpangaji kutoa taarifa mara moja akiwaona. Kunguni, ambao wengi walidhani wamebaki katika vitabu vya miaka ya 1930, wamerudi katika karne hii pamoja na mizigo ya wasafiri, nchini Sweden kama kwingineko.

Waliobaki nje ya mlango

Utaratibu huo ni wa kupigiwa mfano kwa yule aliye ndani. Mpangaji wa Dar es Salaam, aliyezoea kuombwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, angedhani anasimuliwa ndoto. Lakini foleni iliyoanza mwaka 1947 ilikuwa imevuka watu 700,000 mwanzoni mwa miaka ya 2020, na nyumba ya katikati ya jiji inaweza kumgharimu mtu subira ya miaka ishirini. Wapo wazazi wanaowaandikisha watoto wao siku wanapofikia umri unaoruhusiwa. Mgeni aliyewasili juzi kutoka Mombasa au Bukavu hana miaka hiyo mkononi.

Anachopata ni chumba cha mpangaji wa pili, yaani kupanga kwa mtu ambaye mwenyewe amepanga, au ghorofa ya mtu binafsi chini ya sheria ya mwaka 2013 iliyolegeza masharti ya wenye nyumba wa aina hiyo. Huko mkataba una mwisho, na mwisho huo huja mapema. Huko ndiko amana inakotolewa kabla ya kuingia na kugombewa baada ya kutoka, na anayedai arudishiwe hulazimika kwenda katika mahakama ya wilaya, kwa lugha ambayo pengine bado anajifunza. Huko mtu huhama kila mwaka, mara nyingine mara mbili kwa mwaka, akiwa na mifuko yake ya plastiki ya bluu katika treni ya chini ya ardhi, kama yule mshonaji wa Södermalm na mkokoteni wake. Na soko la kilemba halijafa, ingawa tangu Oktoba mwaka 2019 anayenunua mkataba ana hatia pamoja na anayeuuza.

Madaftari ya roteman yalifungwa mwaka 1926. Anayehama leo hujiandikisha mwenyewe katika mamlaka ya kodi kwa kompyuta, na mwenye nyumba hana tena daftari la kupeleka popote. Lakini mpangaji wa pili asiyeruhusiwa na mwenye mkataba kujiandikisha katika anwani ile, na wapo wasioruhusiwa, huhama bila kuacha alama. Atakayetaka kuwafuata watu hao miaka mia moja ijayo, Oktoba hadi Oktoba, kutoka kitongoji hadi kitongoji, hatawakuta katika rafu za hifadhi ya jiji.